Fomu tano mezani

Wamarekani wana mchezo mmoja ambao huwa unanifurahisha sana. Kila wakikaribia kuchagua wagombea wa vyama vyao, waandishi wao huwafufua marais wa zamani na kuwaingiza kwenye kinyang'anyiro cha leo. Je, Abraham Lincoln, na ule urefu wake na sauti yake nyembamba, angepita mbele ya kamera za televisheni? Je, Franklin Roosevelt, ambaye miguu yake ilipooza, angeweza leo kupiga kampeni bila wapiga picha kumwandama kila anaposhushwa kwenye gari? Watu hubishana wiki nzima, kisha wanarudi kwenye shughuli zao.

Mimi kazi yangu ni kuripoti vikao vya madiwani, bei ya nazi na ajali za Segera. Lakini mchezo huo umenikaa kichwani, nikasema hebu na sisi tucheze wa kwetu. Kwa nini tushinde tunajadili watu wa Chicago wakati Dodoma tunayo?

Sisi tuna marais watano waliokwisha kutoka madarakani: Mwalimu Nyerere, Mzee Mwinyi, Mkapa, Kikwete na Magufuli. Na hesabu inakaa vizuri kabisa, maana mwaka 2015 Kamati Kuu ya CCM ilipomaliza kuchuja ilitoka na majina matano. Mitaani tukayaita "tano bora". Kwa hiyo tuseme fomu tano zimeshachukuliwa, ziko mezani.

Ngoja kwanza niweke masharti ya mchezo, maana Watanzania bila masharti tutapigana.

Sharti la kwanza: kila mmoja anakuja kama alivyokuwa mwaka ule alioingia Ikulu kwa mara ya kwanza. Hakuna cha Baba wa Taifa wala Mzee Rukhsa. Nyerere anakuja na miaka 40, umri ambao Katiba yetu ya leo inamruhusu kwa kugusa tu mstari. Mwinyi ana 60, Mkapa 57, Kikwete 55 na Magufuli 56. Sharti la pili: utaratibu ni wa 2015. Fomu ni shilingi milioni 1. Mgombea anatafuta wadhamini 450 katika mikoa 15, na Zanzibar iwemo. Kisha Kamati Kuu, kisha Halmashauri Kuu inabakiza watatu, kisha Mkutano Mkuu unachagua mmoja.

Haya, twende.

Nyerere anaanza vibaya hata kabla ya kufika dirishani. Milioni moja anaitoa wapi? Huyu ni mtu aliyeacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955 akabaki anategemea chama na wenyeji wake. Tuseme wazee wa Dar es Salaam wamemchangia. Sasa soma wasifu wake. Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kujenga chama mikoani. Leo hii, waziri mkuu ajiuzulu kwa hiari yake baada ya wiki sita! Sisi wa magazeti tungeandika nini? Tungeandika "kuna siri nzito". Kamati ya Maadili ingemwita. Wapinzani wake ndani ya chama wangesema hana uvumilivu, ameshakimbia kazi mara moja, atakimbia tena.

Mwinyi naye ana doa la aina hiyo hiyo. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wakati watu walipouawa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga mwaka 1976. Yeye mwenyewe hakumgusa mtu, lakini Januari 1977 aliandika barua ya kujiuzulu. Miaka minane baadaye ndiye aliyepewa nchi. Mwaka 1985 wakubwa wa chama walikuwa na majina mazito mezani, Salim Ahmed Salim aliyekuwa Waziri Mkuu na Kawawa mwenyewe, na bado jina lililopita likawa la mtu aliyewahi kuondoka kwa aibu ya wizara yake. Kujiuzulu kwake kulihesabiwa kuwa ni uungwana. Leo kungehesabiwa kuwa ni nini? Nakuachia ujibu mwenyewe.

Mkapa ni mwenzetu, mtu wa magazeti. Alihariri The Nationalist, akahariri Daily News, akawa mkurugenzi mwanzilishi wa SHIHATA. Ningependa sana kumpigia debe kwa sababu hiyo tu. Lakini anakuja akitokea Wizara ya Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu, wizara ambayo haigawi barabara wala haigawi viwanja. Hana kundi, na hana tabia ya kuchekacheka na wajumbe. Huyu ni mtu ambaye baadaye akiwa Ikulu hakuona taabu kuwaambia watu wazima kwamba ni wavivu wa kufikiri. Mpeleke mbele ya wajumbe wa leo uone.

Kikwete ana jeshi, ana uchumi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ana miaka 10 ya Mambo ya Nje. Tatizo lake ni moja. Alishawahi kushindwa.

Na Magufuli ni mwalimu wa kemia na hisabati, waziri anayekariri kilomita za barabara kama mtoto wa madrasa anavyokariri juzuu. Lakini marafiki ndani ya chama? Mwaka 2015 wenzake walikuwa wanajaza viwanja, yeye alikuwa anazunguka kimyakimya kutafuta wadhamini, na waandishi wengi hawakumfuata. Habari ilikuwa kwingine.

Unaona? Wote watano wana kasoro, na kila kasoro ni ile ambayo chekecheke la leo limetengenezwa kuikamata.

Sasa twende kwenye wadhamini. Mkoa wetu wa Tanga unatakiwa kutoa 30 kwa kila mgombea. Sikutaka kuwabuni kichwani, nikaenda kuuliza watu wenyewe. Hapa Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba, kuna kijiwe cha kahawa ambacho napita jioni nikitoka kazini. Wanakaa wazee wanne watano. Mmoja alifanya kazi mashamba ya mkonge, mmoja bandarini, mmoja ni mwalimu mstaafu. Nikatoa shikamoo, nikaagiza kahawa na kashata, nikawaeleza mchezo. Walicheka, halafu wakauchukulia kwa uzito kuliko mimi.

"Nyerere mimi simdhamini," akasema mzee wa mkonge, bila hata kungoja nimalize.

"Kwa nini, mzee?"

"Mkonge, mwanangu. Sixty-seven walipotaifisha, mimi nilikuwa kijana Muheza. Sikiliza nikuambie, tulishangilia! Halafu ukaanza kufa polepole, tunautazama."

Mwalimu mstaafu akamkatiza. "Usimdanganye mtoto. Mkonge uliuliwa na kamba za nailoni. Bei ilishaanguka huko duniani kabla ya Azimio."

"Kamba za nailoni zilikuja kusimamia shamba?"

Wote wawili wana hoja. Katikati ya miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na Tanga ndiyo ilikuwa moyo wake. Kufikia miaka ya 1990 kilichobaki kilikuwa sehemu ndogo tu ya hizo. Ukipita Muheza na Korogwe, hadithi hiyo haina haja ya kitabu.

Mwinyi walimdhamini wote, haraka, kama watu wanaopitisha ajenda ya mengineyo. Mtu wa Pwani, mpole, alifungua maduka, watu wakavaa. Mzee wa bandarini akasema kabla ya Mwinyi sabuni ilikuwa ni ya kuhonga. Hakuna aliyekumbusha kwamba kiwanda cha mbolea cha hapa hapa Tanga kilifungwa katika zama zake. Nilikumbusha mimi. Wakasema hilo lilikuwa la Benki ya Dunia.

Kwa Mkapa kukawa na kimya kidogo. Tanga ya miaka ile ilikuwa na CUF nyingi, na Pemba si mbali na hapa. Januari 2001 polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji Zanzibar, watu wakafa, wengine wakakimbilia Shimoni upande wa Kenya, huo ni ufuo huu huu wetu, ng'ambo ya mpaka tu. Mzee wa bandarini akasema, "Huyo mimi namwachia Mungu." Mwalimu mstaafu akasema kwamba Mkapa mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake alichotoa mwaka 2019, aliyaandika mauaji yale kuwa ni doa la urais wake. "Ni wangapi wanaandika hivyo?" akauliza. Akamdhamini peke yake.

Kikwete akapata wadhamini mpaka wa kubaki. "Huyu ni mtoto wa Msoga, si mgeni," wakasema. "Anacheka na watu, anakuja kwenye misiba."

Na Magufuli? Mzee wa mkonge akanyanyua mkono. "Bomba," akasema. "Alikuja yeye na Museveni kuweka jiwe la msingi pale Chongoleani."

"Mzee, hiyo ilikuwa Agosti 2017. Kwenye mchezo wetu bado tupo 2015, hujui kama kutakuwa na bomba."

"Wewe mchezo wako, mimi udhamini wangu."

Mwalimu mstaafu akauliza kama na ile amri ya 2016 ya kuzuia mikutano ya hadhara nayo tuifute kwa sababu bado haijatokea. Hapo kahawa ikapoa, nikaona bora tuendelee.

Lakini maneno ya mzee yule yaliniingia. Wadhamini wangu wanajua mwisho wa hadithi. Wanajua nani alileta bomba, nani alifungua maduka, nani alimwaga damu. Wajumbe waliokaa Dodoma mwaka 1985, 1995, 2005 na 2015 hawakujua. Walikuwa wanamtazama mtu ambaye bado hajawa kitu, wanabahatisha. Ukilisahau hilo unaanza kuamini kwamba mambo yalikuwa lazima yaende yalivyokwenda.

Hayakuwa lazima, na huu hapa ushahidi.

Aprili 1953, katika Ukumbi wa Arnautoglu, Dar es Salaam, chama cha TAA kilichagua rais wake. Upande mmoja alikuwa Abdulwahid Sykes, mtoto wa mjini, ambaye baba yake, Kleist, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association. Upande mwingine mwalimu kutoka Butiama ambaye watu wengi walikuwa hawamfahamu vizuri. Mwalimu akashinda. Mwaka uliofuata TANU ikazaliwa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Nyerere hakuwahi kupita kwenye kura za kushindana, mwambie alipita, na aliyekuwa mbele yake hakuwa mtu mdogo.

Julai 1995, Dodoma. Wamebaki watatu: Kikwete, Mkapa na Cleopa Msuya. Raundi ya kwanza Kikwete anaongoza kwa kura 534, Mkapa 459, Msuya 336. Hakuna aliyevuka nusu. Msuya anatoka, kura zinarudiwa. Mkapa 686, Kikwete 639. Tofauti ya kura 47! Hao ni watu wa basi moja la kwenda Korogwe. Kama abiria 24 wangekaa kiti kingine, rais wetu wa tatu ni mwingine, na pengine wa nne pia.

Wamarekani wanaomshangaa Lincoln wangeielewa siku hiyo. Mwaka 1860, kule Chicago, Lincoln naye hakuongoza raundi ya kwanza. William Seward alikuwa mbele yake mbali. Lincoln alikuwa mtu aliyekaa bungeni kipindi kimoja tu na aliyeshindwa kuupata useneta. Alishinda raundi ya tatu. Katika nchi zote mbili, mtu ambaye leo tunamwona kama alizaliwa kuwa rais alikuwa wa pili kwanza.

Mei 2005 kukawa na fomu 11. Zikabaki tano, zikabaki tatu, na Mkutano Mkuu ukampa Kikwete kura 1,072, Salim 476, Mark Mwandosya 122. Salim alikuwa ameongoza OAU kwa miaka 12. Katika karatasi hakuna aliyemkaribia. Lakini Kikwete alikuwa na watu kila wilaya, wale tuliowaita wanamtandao, ambao kazi hiyo hawakuianza mwaka ule.

Na 2015? Wanachama 42 walichukua fomu, 38 wakarudisha. Mkoa wetu ulikuwa na wetu kwenye tano bora, January Makamba wa Bumbuli. Edward Lowassa, aliyejaza Uwanja wa Sheikh Amri Abeid kule Arusha, akakatwa Kamati Kuu. Wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba mbele ya mwenyekiti wao, Kikwete, kwamba wana imani na Lowassa. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu wakatoka hadharani kupinga. Na vumbi lilipotua, Magufuli akapata kura 2,104, Amina Salum Ali 253, Asha-Rose Migiro 59. Wakubwa walipokabana koo, akapita yule ambaye hakuwa na kundi la mtu yeyote.

Sasa turudi kwenye fomu zetu tano. Nimewaahidi matokeo, siwezi kukimbia.

Halmashauri Kuu inabakiza watatu. Kwa maoni yangu Nyerere anakatwa. Najua mtanitukana, lakini fikirini. Hana fedha, amejiuzulu juzi, anatoka kabila dogo la kando ya ziwa, na ana tabia ya kuwaambia wajumbe ukweli wasioutaka. Nyerere yule yule ndiye aliyesimama Mbeya siku ya Mei Mosi mwaka 1995 kuonya juu ya watu wanaotumia fedha kwenda Ikulu. Mtu wa namna hiyo kwenye kikao cha leo ni hatari kwa watu wengi mno. Magufuli naye anakatwa, kwa sababu kwenye mchezo wangu hakuna Lowassa wa kusababisha vita ya wakubwa. Wanabaki Mwinyi, Mkapa na Kikwete.

Mkutano Mkuu, raundi ya kwanza: Kikwete anaongoza, Mwinyi anafuata, Mkapa anatoka. Raundi ya pili ni ya jasho. Mwinyi hana adui hata mmoja ukumbini, na mtu asiye na adui ni hatari katika raundi ya pili. Lakini Kikwete ana mtandao, ana simu za wajumbe, anajua mtoto wa nani anaumwa. Natangaza: Kikwete kwa kura chache.

Kumbuka basi kwamba nimetumia utaratibu wa chama ambacho Nyerere mwenyewe alikianzisha, na Nyerere hakufika hata tatu bora.

Kuna wanaosema hapo ndipo penye ubovu, kwamba kura za maoni ni soko la rushwa. Sibishi sana. Kuna wakati sheria yetu iliruhusu takrima, pilau na soda kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Mwaka 2020 watu zaidi ya 10,000 walichukua fomu za ubunge ndani ya CCM, na matokeo yalipotoka nchi nzima ikawa na wimbo mmoja: wajumbe si watu! Mtu ameahidiwa kura 200 anapata 3, na moja ni yake mwenyewe.

Lakini mimi nimeanza kuliona jambo hili kwa upande mwingine, na aliyenifungua macho si kiongozi yeyote. Ni mjomba wangu.

Mjomba anauza vipuri vya baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo watu wanamjua. Miaka kadhaa iliyopita aligombea udiwani ndani ya chama chake. Chama sitakitaja, kata sitaitaja. Kura zilipigwa kwenye darasa la shule ya msingi, zikahesabiwa juu ya dawati, mbele ya macho yake. Akapata 41. Mwenzake 44. Alirudi nyumbani, akavua viatu mlangoni, akasema "nimeshindwa," akaomba chakula. Shangazi alilia, yeye akala. Mwezi uliofuata alikuwa kwenye mkutano wa tawi, kiti cha mbele, na yule aliyemshinda alikuja dukani kununua mnyororo kwa bei ya kawaida.

Alijiandaa miaka mitano. Wale watu 3 aliowakosa nadhani alikuwa anawajua kwa majina. Wakati wa fomu ulipofika tena, wazee wa chama wakamwita pembeni, kwa heshima zote, wakamwambia safari hii tumeshakubaliana jina moja, tafadhali usichukue fomu, tulinde umoja. Akakubali. Ni mtu wa adabu.

Nilimuuliza kama iliuma kama ile mara ya kwanza. Akaendelea kukaza spoku za tairi la mteja, kisha akasema: "Mara ya kwanza nilishindwa, mjomba. Safari hii sikushinda, sikushindwa. Sikuwapo."

Tangu siku ile hajakaa kiti cha mbele. Haendi hata nyuma.

Hili ndilo ninalotaka kulisema leo, na marais watano wote wa mchezo wangu wamenisaidia kulisema. Shindano ndani ya chama kazi yake si kumpata mtu bora peke yake. Mara nyingi halimpati. Kazi yake nyingine ni kuwapa watu njia ya kushindwa na bado wakabaki watu. Kikwete alishindwa mwaka 1995 kwa kura 47, akakubali, akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa mtu aliyemshinda, na miaka 10 baadaye akarudi. Hata zama za chama kimoja tuliliona hilo. Mwaka 1965, TANU ikiwa peke yake, majimboni waliwekwa wagombea wawili wa chama hicho hicho, mmoja jembe na mwingine nyumba, na Paul Bomani, Waziri wa Fedha, akaangushwa na wapiga kura. Waziri wa Fedha, chini ya chama kimoja!

Kwa rais, ni kweli, wakati huo jina lilikuwa moja, ndiyo au hapana. Na tangu vyama vingi virudi, desturi ya CCM imekuwa kumwachia rais aliyepo amalizie kipindi cha pili bila kupingwa. Mwaka 2020 Magufuli alipata kura zote za Mkutano Mkuu. Bernard Membe, aliyekuwa na nia, alikuwa ameshafukuzwa uanachama miezi michache kabla. Januari 2025 mkutano uliokwenda Dodoma kuchagua makamu mwenyekiti ulimaliza kwa kumpitisha Rais Samia kuwa mgombea pekee, miezi mingi kabla ya wakati ambao fomu huchukuliwa. Wenye chama wana sababu zao, umoja, uzoefu, gharama, na si sababu za kupuuza. Aliyeona 2015 anajua shindano linavyoweza kupasua chama.

Lakini baadaye mwaka ule ule jina la mgombea wetu wa tano bora, January Makamba, halikurudi hata kwenye ubunge wa Bumbuli. Nje ya CCM, Chadema haikuwamo kwenye karatasi ya kura. Oktoba 29 ikaja na maandamano, na vifo. Sisemi kwamba fomu moja ndiyo iliyoyaleta, mambo makubwa hayana sababu moja. Ninachosema ni kwamba nchi ina watu wengi kama mjomba wangu, na wengine ni vijana wa rika langu ambao hawana adabu yake ya kukaa kimya na kukaza spoku.

Juzi mwalimu mstaafu wa kijiweni aliniuliza kama nimeshapata mshindi. Nikamtajia. Akatikisa kichwa, akasema hapana, kwa wajumbe anaowajua yeye Mwinyi anachukua raundi ya pili, tena mapema. Mzee wa mkonge bado yupo na bomba lake. Tulibishana mpaka adhana ya Magharibi, na hakuna aliyemshawishi mwenzake.

Hiyo ndiyo raha ya mchezo huu, kwamba hakuna anayejua. Nawe panga wako watatu, uwabandue, umtangaze mmoja. Nyerere ukimpitisha nitafurahi, ila uniambie milioni ya fomu umeitoa wapi.